Swali Ambalo Sikulitafsiri

Nilikuwa karani wa baraza la mtemi, upande wa Ilongero. Niliandika mashauri, na wakubwa wa serikali walipopita niliwatafsiria.

Asubuhi moja wakati wa kupura mtama alikuja mwanamke, mkono wa kushoto umefungwa vijiti. Mumewe alikuwa amempiga kwa mpini wa jembe. Wazee wa baraza walimwuliza kwanza kama siku hiyo alikuwa amepika. Akasema alipika. Ndipo mzee mmoja akamgeukia mume: "Mke anafundishwa, havunjwi." Wakamtoza mbuzi. Mbuzi akachinjwa nyuma ya baraza, tukala. Mimi nilipewa ini. Mwanamke akaambiwa arudi kwake.

"Wazee wangu," akasema, "mkono ni wangu, mbuzi mmekula ninyi."

Walicheka, wala si kwa ubaya. Nikaandika kitabuni: wamepatanishwa.

Mvua zilipoanza akaja tena, meno mawili ya mbele hayapo. Safari hii hakuingia barazani. Alikaa nje akimsubiri Bwana Shauri, Mzungu wa wilaya, aliyekuja kukagua kodi. Nilitafsiri maneno yake yote. Bwana Shauri alisikiliza mpaka mwisho, kisha akasema ndoa ni jambo la mila, na serikali haiingilii mila. Nikamweleza mwanamke.

Akaniangalia mimi, si yule Mzungu. "Muulize, na kodi ni mila ya nani?"

"Anasemaje?" Bwana Shauri akauliza.

Nikamjibu kwamba anashukuru.

Hakurudi kwa mumewe. Alikwenda kwenye zahanati ya misheni, wakampa kazi ya kufua bendeji. Mume akamshtaki kwa kutoroka, na hati ya kumwita niliiandika mimi. Tarishi akarudi peke yake. Mwishowe kaka wa yule mwanamke alirudisha ng'ombe wa mahari, na wazee wakavunja ndoa ile kabla jua halijafika utosini. Ng'ombe walipoonekana, hapakuwa na maswali.

Mwaka uliofuata yule mwanamume alioa mke mwingine. Huyo sikumwona barazani hata mara moja. Labda alitunzwa vizuri. Au labda alikwisha kusikia jinsi tunavyoamua.