Mafuta ya Cherehani Kwenye Kompyuta

Baba alikuwa na ombi moja tu: akifa, azikwe ubavuni mwa mama. Mtu angesema ni ombi dogo. Lakini mama alizikwa kwenye kijiji chetu cha zamani, bondeni huko Kisarawe, kabla watu hawajahamishiwa kijiji cha ujamaa kando ya barabara. Nyumba zilibomolewa, mashamba yakageuka pori, makaburi yakaachiwa nyoka. Mimi na kaka zangu tulilelewa na shangazi Mlandizi na hatukuwahi kulijua kaburi la mama yetu. Waliolijua walikwisha kufa, isipokuwa baba, na macho ya baba yalikuwa yameingia ukungu.

Kutuonyesha asingeweza, lakini kutuambia angeweza. Mwaka aliokuja kukaa kwangu Kibaha kutibiwa macho, nilikuwa karani kwenye ofisi ya mradi wa kilimo wa wafadhili, na ofisi yetu ilikuwa na kitu ambacho watu walikuja kukichungulia dirishani: kompyuta. Karatasi zilikuwa adimu miaka ile kuliko sukari. Hata daftari la mtoto wa shule ulilipangia foleni. Basi baada ya saa za kazi, kwa ruhusa ya mkuu wetu, nilimkalisha baba kwenye kiti cha wageni, yeye akasema, mimi nikachapa.

Alianzia kisimani. Akapanda hadi kwenye mkwaju, akapinda, akapita nyuma ya nyumba ya jirani mmoja marehemu, akasimama kwanza amcheke marehemu huyo kwa ubahili wake, ndipo akaendelea. Alinizungusha kijiji kizima ambacho hakipo. Mpiga chapa hasikilizi anachochapa, akili inakuwa kwenye herufi. Ungeniuliza jioni ile ile kaburi liko wapi, nisingejua. Wala sikujali. Maneno yalikuwa kwenye diski na nakala yake, diski ya pili, ilikuwa kabatini, kama mtaalamu Mzungu alivyotufundisha kabla hajarudi kwao. Karatasi zikija, tungeyatoa.

Baba akarudi Kisarawe. Mwezi haukuisha akapigwa na kiharusi, kikamchukua upande mmoja wa mwili pamoja na ulimi. Kila Jumapili nilipokwenda kumwona, akisikia sauti yangu tu alianza kunung'unika, akinishika mkono kwa nguvu. Nilijua anachouliza.

“Ipo, baba,” nilimwambia. “Imehifadhiwa.”

Ndipo aliponiachia mkono.

Jumatatu moja kompyuta iligoma. Nilitia diski mahali pake pa kusomea, ikakwaruza kama kijiko kwenye sufuria iliyoungua, kisha kioo kikaandika Kiingereza chake kwamba hakioni kitu. Tukakagua waya. Tukazima, tukawasha. Tukangoja umeme utulie, maana umeme wa Kibaha ulikuwa na homa zake. Dereva wa mradi akashauri ipigwe kofi ubavuni kama redio, ikapigwa. Ikakwaruza vile vile.

“Labda diski ndiyo mbovu,” akasema mkuu wetu. “Jaribu nyingine.”

Tukajaribu nyingine, na nyingine, za mradi zote, na ya baba ikiwamo. Hakuna iliyosomeka. Mkuu alikuwa mtu asiyekubali kushindwa na chuma. Akafungua kabati mwenyewe, akatoa ile nakala ya baba.

“Mzee, hiyo tuiache kwanza,” nikamwambia.

“Tuiache ili iweje? Tutajuaje kibovu ni kipi, mashine au diski?”

Swali lilikuwa na akili. Mpaka leo ndilo linaloniuma, kwamba lilikuwa na akili. Akaitia, na mimi nikasikia ule mkwaruzo nikiwa nimesimama mlangoni.

Fundi alikuja kutoka Dar baada ya wiki kadhaa. Alifungua mashine, akaingiza kidole, akakinusa.

“Nani katia mafuta humu?”

Tarishi wetu, mzee mwenye adabu zake, akasogea mbele akitabasamu. Kila Ijumaa mchana alizunguka ofisi nzima na kikopo chake: taipureta, mashine ya kurudufu, bawaba za milango, baiskeli ya ofisi. Mafuta ya mashine yalikuwa hayapatikani tena madukani, kwa hiyo alikuwa akitumia ya cherehani ya mkewe.

“Mimi, mwanangu,” akasema. “Napaka mashine zote. Hii niibague kwa nini?”

Hakuna aliyecheka. Fundi akatueleza taratibu kwamba mafuta yale yameshika vumbi, vumbi likakauka likawa gumu, na kila diski iliyoingia humo ikawa inachunwa. Akasafisha kwa pamba na spiriti, akatia diski mpya aliyokuja nayo. Mashine ikasoma, kimya kabisa. Mkuu akapiga makofi. “Imepona!” Dereva naye akapiga makofi. Tarishi alipiga kuliko wote.

Nilimpa fundi diski mbili za baba. Alizielekeza dirishani, akanionyesha mstari wa duara ulioparuzwa juu ya kila moja.

“Hizi basi tena, dada.”

Nilitaka kumchukia yule tarishi. Ningemchukia ningepumua. Lakini asubuhi iliyofuata alinikuta nimeinamia meza, akaniwekea chai, akauliza kama nyumbani ni wazima, nikakosa hata pa kuanzia. Nilikata tamaa kimya kimya, nikaendelea na kazi, na Jumapili zikaendelea kuja. Baba alinishika mkono, nami nikamwambia ipo.

Alikufa wakati wa kiangazi. Kaka zangu waliingia bondeni na mapanga tangu alfajiri, nami nikawafuata. Kisima tulikiona, kimefukiwa na udongo wake. Mkwaju haukuwapo, pengine wachoma mkaa waliupitia. Baada ya hapo ni vichuguu na vilima vya udongo, vingi, vyote vinafanana. Tulifyeka mpaka jua likawa juu ya vichwa.

“Jaribu kukumbuka,” kaka mkubwa akaniambia. “Si ni wewe uliyeandika?”

Nilijaribu. Mungu anajua nilijaribu. Mchungaji alikuwa anangoja na maiti haingoji, kwa hiyo tulirudi juu tukamzika baba kijiji kipya, kando ya barabara, katikati ya watu wawili ambao hakupatana nao maisha yake yote. Kurudi kule juu tulipita juu ya vile vilima, hatukuwa na njia nyingine, na kimojawapo ni mama.