Mgongo kwa Mgongo Katika Daftari Langu

Haya yalinipata mimi mwenyewe, hapa hapa Nyakasimbi, wakati wa Mwingereza. Niliyoyaona nitasema niliyaona. Niliyoambiwa nitasema niliambiwa. Shule yangu iliishia darasa la nne, na kumbukumbu yangu si ya kuiapia, kwa hiyo kama kuna mahali nitakosea, sikukusudia. Lakini yule mtu alikaa kwenye mkeka wangu. Hilo silirudishi nyuma.

Kwanza ujue habari za daftari. Mwenye duka mmoja alikuwa na daftari kubwa la hesabu lililoloa mvua, akawa anachana karatasi zake kufungia chumvi. Nikamwomba zilizobaki. Humo nikawa nabandika, kwa uji mzito wa muhogo, kila kitu kidogo kilichopita mkononi mwangu: karatasi ya majani ya chai, picha ya kiberiti, kipande cha gunia la kahawa yetu ya kwanza, unyoya wa korongo. Pembeni naandika kilikotoka. Maneno ya kuelezea siku zangu sikuwa nayo mengi. Vitu vilinisaidia kukumbuka. Mke wangu alikuwa akinicheka.

"Baba Kokugonza, ukifa nitajua pa kuanzia kufagia."

Kokugonza alikuwa binti yetu wa kwanza. Hakufikia kutambaa. Nguo zake alizikwa nazo, kikabaki kipande cha gauni cha maua mekundu, hakizidi kiganja. Nacho nilikibandika. Hapo mke wangu hakucheka. Akawa anakuja mwenyewe, anafungua ukurasa ule, anagusa, anafunga.

Masika moja, nikitoka Ihanda na baiskeli, nikaona kipande cha rubugo, ile nguo ya gome la mti tunayozikia wazee, kimenasa kwenye miiba kando ya njia. Kilikuwa laini, rangi ya udongo uliochomwa. Nikakichukua. Karatasi zilikuwa zinakaribia kwisha, nikakibandika nyuma ya ukurasa wa Kokugonza. Pembeni nikaandika: Nimeokota. Mwenyewe simjui. Akija nitampa.

Akaja.

Ilikuwa jioni, manyunyu, ukungu umeshuka mpaka kwenye migomba. Mke wangu alikuwa ameenda kwao. Mzee akabisha hodi, nikamkaribisha. Nikampa shikamoo, akaitikia marahaba vizuri tu. Alikuwa amejifunga rubugo. Nikamletea kahawa ya kutafuna, kama ilivyo desturi kwa mgeni. Akapokea buni kwa mikono miwili, akazishika, hakutia hata moja mdomoni.

"Una kitu changu," akasema kwa Kinyambo, lugha yetu ya hapa.

"Kitu gani, mzee?"

Akageuka kidogo. Mgongoni, kwenye rubugo lake, palikuwa na tundu. Niamini, sikuhitaji kupima.

Nikaleta daftari. Najiambia: labda ni mzee wa kawaida tu aliyechanikiwa nguo njiani. Hata leo nasema inawezekana. Nikamwonyesha. Akaitikia kwa kichwa.

"Chana karatasi, unipe yote."

"Siwezi, mzee. Upande wa pili kuna cha mwanangu."

"Namjua," akasema, taratibu, kama mtu anayemtaja jirani. "Tumelala migongo ikigusana masika yote. Haoni baridi. Ukitutenganisha atalia."

Wewe ungefanyaje? Nikimpa ukurasa wote, mke wangu akirudi atagusa nini? Nikimnyima, mimi ni mwizi. Nikaona haki ni moja: chake chake, changu changu. Nikachota maji ya moto, nikalowesha gundi kwa ncha ya kidole, nikaanza kubandua. Uji wa muhogo ukikauka ni kama mfupa. Karatasi ikawa nyembamba hadi nikaona maua mekundu ya upande wa pili, nami namwomba Mungu isitoboke. Haikutoboka. Kipande kikatoka kizima.

Akakipokea. "Umetenda haki," akasema, na sikupenda alivyolisema. "Sasa mbembeleze mwenyewe."

Akatoka. Buni zilibaki mkekani. Nyayo uani sikuziona, ila mvua ilikuwa imezidi, huenda zilioshwa.

Baadaye nilimuuliza jirani yangu Kaijage, ambaye kwao ni Ihanda. Akaniambia kwamba masika yale walimbeba mzee mmoja kwenda kumzika, njia ikawa inateleza, wakayumba mpaka kwenye miiba, na rubugo alilovikwa likachanika mgongoni. Kaijage anapenda pombe ya ndizi na huongeza maneno. Nayaweka kama alivyoyasema.

Mke wangu aliporudi sikumwambia kitu. Yakaja manyunyu mengine. Tulikuwa jikoni tunamenya ndizi, akasimama ghafla, kisu mkononi.

"Mtoto wa nani analia?"

Mimi nilikuwa nimeshamsikia. Sauti ilitoka kwenye sanduku la nguo, ndani ya lile daftari. Akaenda, akalitoa, akalipakata. Kifuani nguo yake ikaloa maziwa, na hilo niliona kwa macho yangu. Ikawa hivyo kila manyunyu yalipoanguka. Akaacha kula, akakonda, mchana anakaa kalikumbatia daftari tu. Nikaona naye ananiponyoka.

Ndipo nikamweleza yote. Nilitegemea matusi. Yeye akasema, "Basi mpe mgongo mwingine."

Nikakata kipande cha shati langu, sehemu ya mgongoni, nikakibandika pale lilipokuwa rubugo.

Hajalia tena. Mke wangu akarudi kula, akarudi kunicheka, tukapata watoto wengine. Ila tangu siku ile ya shati mimi silali chali. Nikijinyoosha tu kitandani, kitu kidogo hujisogeza na kujiegemeza katikati ya mabega yangu. Mwanzoni kina baridi. Kisha kinapata joto, na joto lenyewe ni langu. Nimezeeka, mbavu zinaniuma, lakini sigeuki.

Nawe unayependa kuweka vitu vidogo vidogo kitabuni, bandika upande mmoja tu wa karatasi. Kitambaa kilichonasa kwenye mwiba kiache hapo hapo, hata kiwe kizuri namna gani. Mimi nimeshawaambia wanangu: siku yangu ikifika wanilaze ubavu, na daftari mgongoni kwangu. Wasithubutu kubandua kitu.