Bwawa Lililopakwa Chicha

Baba yangu alikuwa mwashi. Mabirika ya misikiti aliyoyajenga toka Tanga mpaka Pangani yalikuwa hayavuji, na hilo ndilo jambo pekee alilojisifia. Kwa hiyo meneja wa shamba la mkonge alipotaka bwawa la kuogelea, alimwita yeye. Mimi nilikuwa nyumbani kwa likizo ya chuo, nasoma historia, elimu isiyomsaidia mtu yeyote kupiga lipu.

Bwawa lilipokwisha, tulilijaza maji ya kujaribia na baba akachora alama ya mkaa ukutani. Kesho yake maji yalikuwa yameshuka upana wa kiganja. Baba hakula. Meneja na mkewe walikuwa milimani, kule Amani, kupunga upepo. Wakirudi wakute bwawa linavuja, nani angempa kazi tena, hata ya kisima?

"Huenda saruji mpya inakunywa," alimwambia mama. "Mimi nimezoea chokaa. Sijui."

"Chungu kipya nacho hunywa, baba watoto. Ndiyo maana hatukipikii kabla ya kukipaka chicha."

Baba alimtazama kama mtu aliyekwisha kukata tamaa, yaani hakubisha.

Tukayafungulia maji yakaenda zake kwenye mikonge. Mama akaja na majirani wa mtaa wetu wa Mabawa, kila mmoja na kikapu cha chicha ya nazi aliyokwisha kuikamua, wakashuka bwawani wakisugua kuta.

"Shoga, chungu chote hiki atapikwa samaki gani?" aliuliza mmoja.

"Mzungu," alijibu mama. "Na mkewe, wa kuongeza utamu."

Nilipewa upande wa kina kirefu. Niliteleza, nikakaa juu ya chicha, na msomi wa ukoo akacheka peke yake ili wengine wasimtangulie. Baba alikuwa ametugeuzia mgongo. Mwishowe alivua viatu, akashuka, akachota chicha kikapuni mwa mama, akaanza kusugua kando yake.

Tulijaza tena. Asubuhi maji yalikuwa palepale kwenye alama. Baba alichutama akayatazama mpaka nikaona haya kusimama pale.

Meneja na mkewe walirudi mchana uleule. Mke alipooga mara ya kwanza alitoka aking'aa kama biharusi aliyesingwa mwili kwa manukato, akisema hajapata kuona maji laini namna ile. Meneja akauliza yametiwa dawa gani.

"Ya nyumbani, bwana," alijibu baba.

Tulipofika kwetu, mama alikuwa mlangoni. Nikafungua kinywa nieleze kwamba saruji ilikuwa imeshiba maji tu tangu tulipojaza mara ya kwanza. Baba alinikanyaga mguu.

"Limeshika?" mama aliuliza.

"Limeshika."

"Si nilikwambia."

"Uliniambia, mama watoto."

Tangu hapo hakukabidhi birika, la saruji wala la chokaa, kabla ya kupita nyumbani kuomba chicha.