Mfuo wa Bi Kona

Wenzake shambani walimwita Bi Kona, na jina likamkaa. Kwa miaka ishirini na tisa, kila mara trekta lake lilipokaribia kilima kilichosimama katikati ya ngano, alipunguza mwendo, akazunguka taratibu, akaendelea. Siku ya kwanza kazini, mjomba aliyemfundisha udereva alimwambia, "Humo wamelala watu wa kale, mwanangu. Usiwalime." Basi hakuwalima. Mashamba ya jirani nayo yalikuwa na vilima vyao. Madereva wa huko walivimega ukingoni kidogo kidogo, msimu hadi msimu, na leo huoni hata kichuguu.

Akaja meneja mpya, mtu wa haraka kama anayekimbizwa. Machoni pake kilima kilikuwa nusu ekari iliyolala bure.

"Ijumaa kinasawazishwa," alisema. "Na utakisawazisha wewe."

"Mimi? Labda utafute mwingine."

"Basi Jumamosi usije kazini."

Hasira zilimpanda. Alipanda basi na ovaroli yake ya grisi hadi ofisi ya mambo ya kale, akang'ang'ania benchi mpaka akasikilizwa. Mtaalamu wa hapo hakumficha: "Mama, kama plau imeshakula ukingo wa kilima, sina la kukusaidia."

Alhamisi mtaalamu akaja, akachimba ukingoni, meneja akitazama saa. Shibiri moja kutoka mfuo wa mwisho uliochorwa na plau ya Bi Kona, mwiko wake wa kuchimbia uligonga jiwe. Likafuata la pili, la tatu: duara la mawe lililozunguka kaburi, na hakuna hata moja lililong'oka. Mtaalamu aliketi mavumbini akicheka kwa furaha, maana kwingine kote alikuta mawe hayo yamezolewa zamani.

Aliandika amri juu ya boneti ya gari, akaisoma kwa sauti: kilima kinalindwa, na mpaka wake ni mfuo wa dereva huyu. Kisha akamgeukia meneja. "Ukimfukuza, utampata wapi mwingine wa kupita shibiri moja tu bila kugusa?"

Wafanyakazi walipiga vigelegele. Bi Kona alijiona mrefu kuliko trekta lake.

"Haya, umeridhika?" meneja aliuliza, amenuna.

"Bado, bosi," alisema. "Sogea kidogo. Umesimama ndani ya mpaka."