Viwanja Vitatu vya Gofu na Sukari ya Kiganjani

Ulikuwa mwaka wa bada na mchunga. Vuli ilikataa kunyesha, mahindi yangu ya Kwamsisi yakakauka yakiwa urefu wa goti, na watu wa Handeni na Korogwe tukarudi kwenye bada, ugali wa unga wa muhogo. Mchana bada, jioni bada, mboga ni mchunga wa kuchuma njiani, mchungu mpaka masikio yanasikia. Nyama tuliiona ikitembea tu. Wamasai walishusha ng'ombe mto Pangani, mbavu nje, unawatazama mpaka unaona aibu kama vile wewe ndiye uliyewanyima. Mwaka huohuo mwanangu akanipeleka likizo ya gofu.

Msicheke. Mtu akitaka kujua uwanja gani wa gofu unafaa kuchezwa huko pwani, aniulize mimi. Sijawahi kushika ile fimbo, lakini nimeketi kando ya viwanja vitatu, na anayeketi kando huona mengi, hana kingine cha kufanya.

Mwanangu ni mmoja tu. Anafanya kazi bandari ya Mombasa, kutoa mizigo ya watu. Kaoa hukohuko, na ana binti. Huyo binti ni mjukuu wangu, na nikimtaja huwa nakaa sawa kwenye kiti. Mtoto yule anasoma kitabu kama mtu mwenye kiu anavyokunywa maji, na mimi bibi yake niliishia darasa la pili. Kila mwaka mwanangu na bosi wake huzunguka pwani wakicheza gofu, uwanja hadi uwanja, kama wengine wanavyozunguka minada. Mwaka ule akaja na gari hadi Old Korogwe.

"Mama, twende ukapumzike. Ukae baharini ule samaki." Halafu akatazama pembeni. "Na kuna nyumba nataka uione."

Hapo hapo nikajua. Baba yake alikuwa ameshafariki, tumemzika kwao Kwamsisi, na tangu siku ile mwanangu alikuwa ananitazama kama mzigo uliosahaulika bandarini. Alitaka nihame.

Jirani yangu alisikia injini akaja na mswaki mdomoni. Huyu ni Mnyamwezi aliyezaliwa kambi ya mkonge Ngombezi kama mimi, na mume wangu alikuwa Mzigua, kwa hiyo walikuwa watani. Siku ya mazishi ndiye aliyeshuka kaburini akajilaza, akasema udongo haumwagwi mpaka alipwe jogoo. Watu walicheka huku wanalia. Tangu hapo utani wa marehemu kauhamishia kwangu.

"Unakwenda kuuzwa, we kikongwe!"

"Nani anunue mifupa?"

"Wazungu. Wanachemshia supu." Akatema povu. "Ukihamia huko, mlango wako nauvunja, nafuga mbuzi humo ndani."

"Watapaweka pasafi kuliko kwako."

Nilipopanda gari akanishika kifundo cha mkono kupitia dirishani, na safari hii hakutania. "Usikubali. Ukihama nitagombana na nani?"

Tukapita Tanga, tukavuka mpaka Horohoro.

Uwanja wa kwanza ulikuwa mali ya hoteli kubwa. Nyasi zimenyolewa kama kichwa cha mtoto wa arobaini. Huoni jani kavu. Mabomba yanazunguka yenyewe yakirusha maji, tss, tss, tss, juu ya majani ambayo hakuna mdomo unaoyala. Nikawafikiria wale ng'ombe wa mtoni. Mwanangu aliniweka chini ya mwavuli, akaniagizia maji ya dafu, akaenda na bosi wake mpaka wakawa wadogo kama sisimizi. Kijana wa mezani alikuja mara kwa mara.

"Mama, unamngoja mtu?"

"Namngoja anayecheza."

"Watachelewa hao, mama."

Akaondoka. Bahari ilikuwa upande wa pili, inaguna peke yake. Nilivaa kitenge changu kizuri na hakuna mtu aliyekiona. Kama unataka uwanja wa kupiga picha, nenda huo.

Uwanja wa pili uko juu ya majabali, na upepo wake unavua kilemba. Huo mwanangu aliusifu tangu tunavuka mpaka. Kuna mahali unatakiwa upige mpira uvuke juu ya maji, uangukie ng'ambo. Wakapiga, bahari ikameza. Wakapiga tena, ikameza tena, na wao wanacheka wanapigana mabega. Safari hii alinipandisha kwenye kile kigari chao kisicho na kelele ili nisibaki nyuma. Nikakaa kiti cha nyuma, karibu na mifuko ya fimbo, nikitazama tulikotoka. Kila wakisimama wanachukua fimbo, wanairudisha, wanasema mambo yao ya gofu, kigari kinaondoka. Mimi nikawa mfuko mmojawapo. Tofauti ni kwamba ile mingine ilikuwa inaguswa. Kwa wapenda ugomvi na upepo, uwanja huo ni mzuri.

Wa tatu ndio wenye ile nyumba. Ni uwanja mdogo, wa zamani, nyasi zina mabaka, ngedere wanashuka kwenye mikorosho kuiba mipira. Njia ya kijiji inapita katikati. Wanawake wanakatiza na ndoo kichwani, mbuzi wanakatiza, na wachezaji wanasimama fimbo mkononi wakingoja mbuzi wamalize. Mwanamke mmoja aliniona nimeketi barazani.

"Shikamoo, bibi. Umeamkaje?"

Jamani! Tangu nivuke mpaka, hapo ndipo mtu wa nje aliponiuliza nimeamkaje. Nikamjibu salamu ndefu mpaka akashusha ndoo. Huo ndio uwanja unaofaa kuchezwa, ukiniuliza mimi.

Nyumba yenyewe, ambayo mwanangu alikuwa ameihamia karibuni na mkewe na binti yao, ilikuwa imepakwa rangi nyeupe, na chumba changu tayari kina kitanda, neti mpya, na dirisha linalotazama shimo la mwisho, penye bendera. Mjukuu wangu alikuwa amenichorea ua akalibandika ukutani. Ua lile ndilo lililonitia udhaifu, si nyumba.

Asubuhi ya pili mwanangu na bosi wake wakaenda kucheza. Nikatoa kiti nikakiweka kivulini, ukingoni mwa zile nyasi fupi. Nikakaa. Mara nikasikia tap! Mpira umedondoka, ukadunda, ukabingirika hadi karibu na bendera, ukatulia. Nikatazama huku na huku. Hakuna mtu. Mpira mweupe, peke yake, na mwenyewe hayupo.

Hapa lazima niwarudishe Ngombezi.

Baba yangu alikuja kutoka Songea kukata mkonge, akafia kwenye mkonge. Wazungu wa shamba walikuwa na uwanja wao wa gofu nyuma ya nyumba kubwa. Si wa nyasi. Maji ya kumwagilia nyasi yatoke wapi? Penye shimo walimwaga mchanga uliochanganywa na oili chafu ya kiwandani, ukang'aa mweusi kama sufuria. Mistari ya mkonge ilianzia hapohapo. Jumapili watoto wa kambi tulipangwa pembezoni, na kazi yetu ilikuwa moja: mpira ukidondoka, kimbia, uokote hata kama umeingia kwenye miba, ufute, umpelekee mwenyewe kwa mikono miwili kabla hajaanza kuutafuta. Ukishampa, unafungua kiganja. Mama wa Kizungu anakuja na bakuli anakumiminia sukari. Unalamba ukirudi nyumbani, polepole, mpaka kiganja kinakuwa safi kuliko uso. Wao walikuwa wanacheza mchezo wao wa ovyo usio na sheria, wakitaka tu mipira yao isipotee. Mimi nilikuwa hodari kuliko wavulana wote. Miba ya mkonge ilinichoma hapa gotini na kovu lipo.

Basi mwili ulikumbuka kabla ya kichwa. Niliinuka, goti likalia, nikatembea juu ya zile nyasi fupi, nikauokota. Nikaufuta kwa ncha ya kitenge. Nikawaona wanakuja, mwanangu na bosi wake, nikawaendea mbiombio kadiri ya umri wangu, mpira kwenye mikono miwili. Najivunia, nakwambia! Kwa mara ya kwanza safari ile nzima nilikuwa na kazi.

Bosi wake, mzee mwenye kofia, alisimama. Akatazama mikono yangu. Akatazama bendera. Akashika kichwa.

"Mama! Huo ulikuwa umebakisha shibiri moja uingie shimoni! Maisha yangu yote sijapiga mpira kama huo!"

"Mama," mwanangu akasema, sauti imeshuka, "ungeuacha tu ulipo."

"Uachwe upotee?"

"Haukupotea, mama. Ulikuwa umefika."

Bosi, nimsifu, akacheka. "Haya, wacha. Nitawaambia watu mama yako ndiye aliyeninyima ushindi." Akauchukua mpira mikononi mwangu. Na mimi, bila kutaka, kiganja changu kikabaki wazi hewani. Kikakaa hivyo, kinangoja.

Mwanangu akakiona. Uso wake ukabadilika, ukawa wa aibu. Akaingiza mkono mfukoni, akatoa noti, akaiweka kwenye kiganja changu mbele ya bosi wake, harakaharaka, kama unavyompa mtu wa barabarani ili aondoke.

Niliitazama ile noti. Nikaikunja vizuri, nikairudisha kwenye mfuko wa shati lake, nikaupigapiga kwa juu.

"Sikuwa nataka hela," nikamwambia. "Nilidhani mna sukari."

"Sukari? Mama, daktari si amekukataza?"

Sikupata kumwambia kwamba mama yake alikuwa mtoto wa kukimbilia mipira. Nilimlea akijua babu yake alikuwa nyapara na mimi nilikuwa binti wa nyumba yenye heshima. Aliyejua habari ya ile sukari alikuwa mmoja tu duniani, yule mtani wangu wa Old Korogwe, maana na yeye alisimama kwenye mstari uleule akilamba chake. Nikarudi kwenye kiti. Wao wakabishana kidogo mpira uwekwe wapi, wakauweka, wakapiga, ukapita pembeni.

Alasiri mwanangu akaja barazani na vikombe viwili vya chai. Yangu haikuwa na sukari. Mjukuu wangu alikaa miguuni pangu, anahesabu mishipa ya miguu yangu kwa kidole.

"Sasa, mama. Umeiona nyumba."

"Nimeiona. Nzuri."

"Baba hayupo. Shamba limekauka. Unakula muhogo asubuhi na jioni, nyumba nzima uko peke yako. Ukianguka bafuni nani atakuokota? Kule unamngoja nani?"

Aliyosema yalikuwa kweli. Sikatai ukweli kwa sababu umesemwa na mtoto. Kule kuna siku sauti ninayoisikia ni yangu tu, nikiwafukuza kuku. Lakini nilimtazama usoni nikaona bado ana ile sura ya kutoa noti. Kama ningehamia pale, angekuwa ananitazama hivyo kila siku, kwa upendo kabisa, na mimi ningekuwa nakaa dirishani natazama mipira inadondoka bila ruhusa ya kuigusa.

Nikasema, "Sihami. Mimi si mpira uliopotea."

Akaweka kikombe chini. Mjukuu wangu akapoteza hesabu ya mishipa, akaanza upya.

Nilirudi nimebeba samaki wakavu, mfuko mzima, na njia yote nilikuwa napanga nitakavyomsimulia mtani wangu. Nilipanga hadi mahali pa kunyamaza ili acheke. Nilijua atasema, "Ulifungua kiganja? Ulifungua kweli, mshenzi wewe?" na nilijua atajishika mbavu mpaka aegemee ukuta, halafu ataacha kucheka, maana ataielewa ile noti bila mimi kuieleza.

Mlango wake ulikuwa na kufuli.

Mama muuza vitumbua wa ng'ambo ya barabara alifuta mikono akaja. "Binti yake wa Dar alikuja kumchukua. Alilia huyo! Lakini akaenda. Kasema kuku wake ni wako, na kasema nikwambie usifuge mbuzi ndani kwake."

Nilicheka hapo barabarani, peke yangu, na mama wa vitumbua akanitazama asijue kinachochekesha. Nikaingia ndani. Nikasonga bada, nikakaanga samaki mmoja. Walikuwa wengi, na wa kugawana nao hakuwepo. Kuku wa mtani wangu walikuja wakasimama mlangoni na wa kwangu, hawajazoeana, wanadonoana. Niliwaacha wagombane. Angalau kulikuwa na kelele.

Simu ya mwanangu ilikuja kabla sijanawa mikono. Habari zilikuwa zimeshamfikia, sijui kwa nani.

"Mama, sasa hata jirani hayupo. Umebaki na nani?"

Nikatazama ukuta wa pili, upande wa nyumba iliyofungwa. Siku zote jioni ungesikia anapiga sufuria na kunitukana kupitia dirishani. Simu ikapita mkono mwingine, na sauti ndogo ikaja.

"Bibi, chumba chako bado nakifagia. Ua lako lipo. Utakuja lini kukaa?"

Nikaisogeza sahani ya samaki pembeni. Yule mtoto nilitaka kumdanganya, nimwambie nitakuja karibuni. Lakini yeye ni mjukuu wangu, na siku moja atasimulia bibi yake alikuwa mtu wa namna gani. Nikakaa sawa kwenye kiti, ingawa hanioni, nikamwambia kama nilivyomwambia baba yake.

"Sihami. Mimi si mpira uliopotea."