Kipa Akae Mbele

Ninyi wa darasa la sita na la saba, na ninyi wa kidato cha kwanza mnaojiona mmeshakua, nasema na ninyi. Najua mtasoma mistari miwili, mtu atawaita huko nje, mtajibu "nakuja", na ndiyo basi. Hilo "nakuja" limenizeesha. Siku hizi mtoto analisema huku amekupa mgongo. Unamwita jikoni, anasema nakuja bibi, unasikia mlango wa uani unalia, kumbe ameshafika barabarani.

Nilikuwa na wawili wa namna hiyo. Mama yao, binti yangu, alikuwa anauza vitenge Tunduma, maana miaka ile watu waliruhusiwa kufanya biashara na kila mtu akawa mfanyabiashara. Maduka ya mtaani kwetu Bulyaga yalijaa sabuni za kila rangi. Mitumba ikamwagwa chini sokoni kama mahindi. Kule mtaa wa pili, Bagamoyo yetu, si ile ya pwani, mtu akafungua kibanda cha video, kelele za ngumi zikawa zinatufuata mpaka kanisani. Wajukuu wakabaki kwangu: msichana wa darasa la saba, na mdogo wake wa kiume wa la sita. Huyu mdogo alikuwa kipa wa timu ya shule. Kipa huyo alikuwa analala na glavu zake mikononi! Na glavu zenyewe ni za mitumba, za sufu, za mama fulani wa Ulaya anayeogopa baridi, zina maua mekundu.

Siku moja shule ikaita wazazi. Mwalimu wa darasa la saba, mama kijana mwenye sauti ya taratibu, akasema mtihani umekaribia na watoto wamechoka. Kila nyumba ijiulize, kipaumbele chake ni nini. Kisha akanigeukia.

"Kwa mfano bibi, nyumbani kwako kipaumbele ni nini?"

Sasa mimi Kiswahili nilikipata kwenye kisomo cha watu wazima. Nyumbani tunaongea Kinyakyusa. Nilichosikia ni kipa, na mbele. Nikasimama, nikajibu kwa sauti ya kutosha:

"Kipa ni mjukuu wangu wa kiume, mwalimu. Lakini hakai mbele. Anakaa nyuma, golini."

Watu walicheka mpaka madawati yakasogea. Jirani yangu mmoja, mzee mzima, akanipigia kelele, "Mama, huyo kipa wako akikaa mbele si tutafungwa mpaka giza!"

Mwalimu alisubiri wanyamaze. "Kipaumbele ni kile kinachopewa nafasi ya mbele, bibi. Vingine vinasubiri. Huyu mjukuu wako wa kike ana akili, lakini analala darasani. Akiendelea hivi mtihani utamkuta amesinzia, na sekondari ataisikia kwa wenzake."

Nikarudi nyumbani na mvua yetu ile isiyojua kupumzika, nimekasirika. Analala darasani kwa nini? Kwangu watu hawakeshi.

Nikamkuta kipa mlangoni anafunga kamba za viatu.

"Gwe, wewe, majani ya ng'ombe yako wapi?" Kukata majani ilikuwa kazi yake.

"Nakuja bibi, tuna mazoezi. Jumamosi tunacheza na Kisondela."

"Na ng'ombe atakula mpira?"

"Dada kasema atakata yeye."

Na kweli alikuwa amesema. Huyo dada yake hajawahi kumkatalia mtu. Asubuhi anachuma chai na mimi kabla ya shule, akirudi anateka maji, jioni kwaya, na wenzake wakitaka kusukwa nywele wanakuja kwake kwa sababu hadai kitu. Ukimwita anaitika. Akiitwa na mwingine kabla hajafika kwako, anaitika huko pia. Daftari analifungua mwisho, na akilifungua tu kichwa kinaangukia hapo.

Tukiwa bado tunabishana, akatokea. Mzigo wa majani kichwani, ndoo ya maji mkononi, mkoba wa shule begani, mundu kwapani. Mlango wangu wa uani ni mwembamba. Badala ya kutua kitu kimoja, akataka kupita na vyote. Majani yakakwama juu, ndoo ikagonga nguzo, mkanda wa mkoba ukakatika, daftari zote zikaingia kwenye tope.

Kipa akacheka. "Bibi, kipaumbele chake ni majani!" Kumbe shuleni lile jibu langu lilikuwa limeshawafikia.

"Na chako ni maua mekundu," nikamwambia. Akaficha mikono.

Msichana alikuwa amepiga magoti, anafuta daftari la hesabu kwa upindo wa sketi. Nikamwambia, "Acha kufuta. Ulitaka kipi kitangulie kupita hapa?"

"Vyote, bibi."

"Vyote havikupita. Umeona mwenyewe. Taja kimoja."

Akaiangalia ndoo, mvua inampiga. Nikafikiri atasema ndoo. Akasema kwa sauti ndogo, "Nataka kufaulu, bibi."

"Sasa mbona unaitika kila unapoitwa?"

"Nikikataa watasema naringa."

"Waache waseme. Ringa mpaka mtihani uishe!"

Akaniangalia kama nimetukana kanisani. Nikauchomoa ule mzigo wa majani pale mlangoni ulipokwama, nikamtwika kipa, na glavu zake zikalowa hapo hapo.

Nikawaambia wote wawili wasimame wanisikie, sitarudia. Nikasema: kuanzia leo majani anakata kipa kabla ya mazoezi, na siku ng'ombe asipokula, goli likae wazi. Chai nitachuma mwenyewe. Maji tutateka mimi na kipa. Kwaya isubiri, nitaongea mimi na mwalimu wa kwaya. Na nywele za watu wakasukwe na mama zao. Jioni taa ya chemli iwekwe mezani mbele ya huyu dada, na pale alipo asiinuliwe na mtu. Akiitwa, kipa ndiye aitike. Na kipa akisema nakuja, aje.