Kukausha Sikio la Baba

Kasikio kalikufa Jumatano asubuhi, siku mbili kabla ya ndoa yangu, na mtu wa kwanza niliyemgombeza alikuwa baba yangu mwenyewe.

Kasikio ndivyo tulivyokiita nyumbani kile kifaa chake cha kusikia. Kilikuwa na ukubwa wa haragwe, kikikaa nyuma ya sikio la kulia, na mrija mwembamba uliingia kwenye kipande cha plastiki kilichochongwa kwa umbo la sikio lake. Alipewa na madaktari waliopita Dzaleka, kambi yetu ya wakimbizi huku Malawi, miaka kadhaa kabla ya hapo. Masikio yake yaliharibiwa na mashine ya kusaga aliyoisimamia Kindu, mji tuliokimbia, ujana wake wote. Bila kasikio alisikia kelele, hakusikia maneno.

Mimi ndiye niliyekuwa fundi. Kila asubuhi nilifuta nta kwa kitambaa, nikapuliza mrija kwa mdomo mpaka nihakikishe uko wazi, nikafunga kimlango cha betri, halafu nikakifumba kifaa ndani ya kiganja. Kikiwa kizima kinapiga mluzi kiganjani. Jumatano nilifumba kiganja, kimya. Nikabadilisha betri, kimya. Nikatafuta kosa kwake, maana alishawahi kunitia hasara: siku moja alibandua vikaratasi vya betri zote sita kwa mpigo, ati anazitayarisha, na betri hizo zikishabanduliwa zinaanza kuisha hata kama zimelala kwenye droo. Safari hii hakuwa amegusa betri. Basi nikajua ni udhu.

Baba alikuwa akivua kasikio, anatawadha, anapaka maji masikioni kama inavyotakiwa, kisha anakirudisha kifaa sikio likiwa bado linatona. Mara tano kwa siku.

"Baba, nilikuambia mara ngapi ujipanguse mbele ya kukirudisha?" nilimpigia kelele, nikinyoosha midomo ili aisome.

"Sala haingojee masikio ikauke," akasema.

"Basi siku ya Ijumaa Mungu njo yeye atakusikilizia!"

Alikuwa amezoea midomo yangu, kwa hiyo alilielewa lile neno lote. Alichukua kofia yake akatoka.

Kwetu, kabla ya ndoa kufungwa, mtu huingia chumbani alikofunikwa bibi harusi na kumuuliza kama amekubali. Wanaume hubaki nje wakingoja jibu. Bibi harusi akinyamaza, wanahesabu amekubali. Akilia, wanahesabu vilevile. Anayeingia ni baba, au mtu aliyetumwa na baba. Baba yangu alikuwa amesema tangu siku ya posa kwamba ataingia mwenyewe na atasikia mwenyewe, na asiposikia hakuna ndoa. Wala haikuwezekana kusogeza siku. Wazazi wa mchumba wangu walikuwa wametoka Nampula, na ruhusa yao ya kukaa Malawi ilikuwa inaisha Jumamosi. Nilimpenda yule mwanamume, nilikuwa nimemngoja miaka mitatu, na sikuwa na nguvu ya kungoja mingine.

Mchana ule baba mdogo, mdogo wake baba, alikuja na suluhisho lake. Alikaa karibu ili midomo yake isomeke.

"Kaka, mi niko hapa. Nitaingia, nitamuuliza, nitakuletea jibu. Njo kazi ya ndugu."

"Hapana," baba akasema.

Nikajaribu na mimi. Nikasema nitafunua ushungi anitazame mdomoni, au nitaitikia kwa kichwa.

"Kichwa kinaitikia hata juu ya woga," akasema. "Na kwa midomo ninakisia tu. Mariaje haiko ya kukisia."

Hakueleza kwa nini ndoa haikisiwi. Lakini mimi nilijua, kwa sababu dada yangu mkubwa aliwahi kuniambia tukiwa tunashona, bila kuinua macho kwenye cherehani. Kindu, siku ya ndoa yake, aliyetumwa chumbani alikuwa baba mdogo. Baba alikuwa ameshaanza kutosikia, na wakati ule hakukuwa na kasikio. Dada alisema hapana mara mbili. Baba mdogo akatoka nje akawaambia wanaume: amekubali. Dada alikaa kwenye nyumba ile miaka sita, akarudi kwetu na sanduku moja na tabia ya kuketi karibu na mlango. Nyumbani hakuna aliyelizungumza. Sikujua baba alikuwa ameambiwa nini au amehisi nini, na sikuwahi kuthubutu kumuuliza.

Nilipata kibali cha siku moja cha kutoka kambini, na Alhamisi mapema nikaenda Lilongwe. Kliniki ya masikio haikuwa mbali na Capital Hill, kwenye ofisi za serikali, nikatembea sehemu ya mwisho kati ya wafanyakazi wa wizara na mashati yao yaliyopigwa pasi, nikiwa nimeshika kasikio ndani ya leso.

Fundi alikuwa mama wa makamo, Mmalawi, miwani ikining'inia kifuani. Tuliongea Chichewa. Nilimweleza habari za ndoa na udhu kwa pumzi moja, nikimshitaki baba kama aliyeko mahakamani. Aliunganisha kifaa na mrija wake wa kusikilizia, akatikisa kichwa. Kisha akautoa mrija wa baba, akauinua dirishani, akaniita nione. Ndani kulikuwa na matone madogo yamejipanga.

"Nani anausafisha?" akauliza.

"Mimi," nikasema kwa fahari.

"Unasafishaje?"

Nikamwonyesha, midomo nimeikusanya, nikapuliza hewani. Alivua miwani yake akaisogeza mdomoni kwangu, akaniambia nipulize tena. Nikapuliza. Vioo vikafunikwa na ukungu.

Nilitamani sakafu ipasuke. Akasema ndiyo, sikio lililolowa lina mchango wake, lakini maji haya ya ndani ya mrija yanatoka mdomoni. Kwa hiyo kila asubuhi, miaka yote ile, nilikuwa nikimtilia baba yangu maji sikioni na kujiita fundi. Na Jumatano nilikuwa nimemsimanga kwa ajili ya sala zake.

Alibadilisha mrija, akasafisha kila palipofikika, akanipa kipira cha kupulizia hewa kavu na betri mbili. Bado kilikuwa kimya. Akasema kama unyevu haujala vyuma vya ndani, kitaamka kikikauka. Kama umeshakula, hakitaamka. Hawezi kuniahidi. Nikiweke kimlango kikiwa wazi ndani ya chupa inayofungwa sawasawa, pamoja na punje za kukaushia, mpaka kesho. Nisikiweke juani wala karibu na mbaula, jiko la mkaa. Punje zake mwenyewe zilikuwa zimekwisha. Nitafute zile pakiti ndogo nyeupe zinazowekwa ndani ya maboksi ya viatu vipya. Na betri nikiibandua, niiache wazi dakika nzima ivute hewa kabla ya kuifunga. Nilimjibu zikomo, asante, kwa kila sentensi, na nusu ya sentensi zenyewe sikuzisikia kwa aibu.

Soko la Chilinde lina viatu vingi, ila vingi ni vya mitumba, na mitumba haiji na boksi. Nilipita kibanda kwa kibanda nikiulizia takataka. Wauzaji walicheka. Mmoja aliuliza kama huko kwetu bibi harusi hula vitu vile. Sikuwa na muda wa kuchekeshwa, nikamwambia hivyo, naye akacheka zaidi, kisha akapindua maboksi yake yote mezani. Nilitoka pale na pakiti kumi na tisa. Nilizipanga kwenye chupa tupu ya siagi ya karanga niliyoikausha kwa khanga yangu, nikalaza kasikio katikati, nikakaza kifuniko kwa nguvu zangu zote.

Nikirudi kambini, kwenye kizuizi cha barabarani polisi alitushusha abiria wote. Akaona chupa. Akaona pakiti nyeupe.

"Nini hii?"

Nikaeleza. Akafungua kifuniko. Ilikuwa imenyesha asubuhi, hewa ilikuwa nzito ya unyevu, nami nikaona kazi yangu yote inaingia maji. "Tsekani!" nikamwambia, funga, na sauti ilitoka kali kuliko nilivyokusudia. Mkimbizi hampigii polisi kelele. Alitoa pakiti moja, akainusa, akaitikisa sikioni. Akaomba kibali. Akakisoma taratibu, mstari kwa mstari, chupa ikiwa wazi juu ya boneti ya gari. Saa ya kurudi kambini ilikuwa inakaribia, na nilijua kosa moja tu lingenilaza kituoni. Nikasema samahani mara tatu. Akaniuliza kama kifaa ni kizima, nimwonyeshe kinavyofanya kazi. Nikasema kimekufa, bwana, ndiyo maana kiko ndani ya chupa. Akarudisha pakiti, akafunga kifuniko mwenyewe na kukikaza.

Ijumaa asubuhi nilifungua chupa dada yangu akiwa ananitengeneza nywele. Nikabandua karatasi ya betri, nikaitia, nikafunga, nikafumba kiganja.

Kimya.

Nikafungua, nikafunga. Kimya. Nilianza kulia, hina bado mbichi kwenye mkono wa pili. Nje, baba mdogo alikuwa ameshaona kila kitu kupitia mlango, akasema kwa sauti ya upole iliyoniudhi kuliko matusi, "Basi, nitaingia mi. Tusipoteze saa za bantu wanaongoja." Baba alikuwa ameshakwenda msikitini bila sikio. Watu wa Nampula walikuwa wanapangiwa mikeka uani. Niliwaza kwamba baba akirudi atawafukuza wote mbele ya majirani, na atakuwa na haki, na kosa litakuwa la pumzi yangu.

Dada alinifungua vidole kimoja kimoja, akachukua kasikio.

"Ulifunga mbio sana," akasema. "Si ulisema yule mama alikuambia uache ipumue?"

Nilikuwa nimesahau. Alichukua betri ya pili, akaibandua, akailaza juu ya meza ya cherehani. Tukaitazama. Dada alikuwa anahesabu kwa midomo bila sauti, na nikagundua simjui mtu mwingine anayeweza kungoja hivyo. Akaitia, akafunga kimlango, akafumba kiganja chake.

Mluzi ulikuwa mwembamba, ukakatika, ukarudi. Halafu ukakaa. Nilimkumbatia dada, hina ikampaka begani.

Baba aliporudi kutoka sala ya Ijumaa aliletwa mpaka mlango wa chumba, baba mdogo nyuma yake. Dada alimketisha baba kwenye kigoda, akampangusa sikio kwa pindo la kitenge chake, ndani na nyuma, kisha akamvalisha kasikio. Baba alikuwa amenipa mgongo. Nikasema chini ya ushungi, kwa sauti ya kawaida:

"Baba, ile maji ilikuwa pumzi yangu. Haikuwa udhu. Unisamehe."

Hakugeuka. "Nimesikia," akasema. "Na Mungu naye alisikia ile neno ya Jumatano." Mabega yake yalicheka kidogo.

Kisha akageuka na kuniuliza kwa maneno yote, akitaja jina la mwanamume, jina la baba yake, mahari. Aliniambia nikikataa leo, watu watakula wali waende zao, na mimi nitabaki mtoto wake. Nikasema nimekubali. Akauliza tena, nikasema tena. Mara ya tatu nilisema kwa sauti mpaka wanawake wa chumba cha pili wakapiga vigelegele.

Nilidhani atainuka. Alikaa. Baba mdogo akakohoa mlangoni, akasema sheikh anangoja. Baba alimtazama dada yangu, aliyekuwa ameketi mahali pake pa siku zote karibu na mlango, kitenge chenye unyevu wa sikio bado mkononi.

"Na we," akamwambia. "Kule Kindu. Ulisema nini?"

Dada alimtazama baba mdogo kwanza. Halafu akamtazama baba.

"Nilikatala, Baba. Mara mbili."

Baba alipeleka kidole sikioni akakisukuma kile kipande cha plastiki, kama mtu anayehakikisha kimekaa vizuri.

"Sema tena."

"Nilikatala."

"Nimesikia," akasema.

Akainuka, akampita ndugu yake bila kumgusa, akatoka uani. Sheikh akamuuliza jibu la binti. Baba yangu husema kwa sauti ya watu wasiosikia, hata kasikio kakiwa kazima, na siku ile kila mtu wa mtaa wetu alimsikia.

"Mudogo amekubali," akasema. "Mukubwa alikatala. Niliuliza binti zangu bote babili mi mwenyewe."